Kiarabu kipimwe kutoka kwenye Kiswahili, si kutoka kwenye Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini mwako tuchangie swali linalorudi kila vijana wanapomaliza shule au wanapotafuta kazi nje ya nchi: wajifunze lugha gani ya kigeni? Wengi hutaja Kichina. Wengine Kifaransa. Kijerumani nacho kimepata wapenzi wapya, hasa wauguzi. Kiarabu kikitajwa, mtu huchomoa simu na kuonyesha jedwali linalosema ni miongoni mwa lugha ngumu kabisa duniani, na mazungumzo yanaishia hapo.

Jedwali hilo lipo kweli. Limetoka katika chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wake, nalo linakadiria kwamba Kiarabu kinataka wiki 88, yaani saa 2,200 za darasani, sawa na Kichina, Kijapani na Kikorea. Lakini lilitungwa kwa ajili ya mtu aliyekulia kwenye Kiingereza. Jedwali hilohilo linakiweka Kiswahili kwenye wiki 36, kwamba ni kigumu kuliko Kifaransa. Nani wa Tanga, Lamu au Kigoma atakubali hilo kwa nafsi yake? Umbali wa safari hupimwa kuanzia pale msafiri aliposimama. Anayeanzia kwenye Kiswahili amekwisha kutembea sehemu ya njia ya Kiarabu bila kujua, na kosa kubwa tunaloliona katika ufundishaji ni kumrudisha mtu huyo mwanzo wa njia kwa kutumia vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani.

Hatuzidharau lugha nyingine. Muuguzi anayekwenda Ujerumani hana ujanja: kwa kawaida hudaiwa kiwango cha B2, cha nne kati ya sita vya Ulaya, ndipo sifa zake zitambuliwe, basi na asome Kijerumani. Mfanyabiashara wa Kongo ajue kwamba sokoni Bukavu, Goma na Lubumbashi Kiswahili kinamtosha, ila karatasi za forodha, benki na mahakama zinataka Kifaransa. Kichina kina walimu na taasisi zake, ile ya Konfusio ya Nairobi ikiwa ya kwanza Afrika, mwaka 2005. Kazi yake kubwa ni toni nne, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, na maandishi, maana orodha ya Kichina ya alama za matumizi ya kawaida iliyotolewa mwaka 1988 ina alama 3,500. Hapa tuongeze neno dogo ambalo halisemwi vya kutosha: Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, lakini Kisukuma, Kichaga na Kikikuyu hutumia toni. Aliyekulia katika lugha hizo ana sikio lililokwisha kuzoea jambo hilo, na mwalimu wa Kichina angeanzia hapo.

Sasa tuje kwenye Kiarabu. Katika barua hii alama ya ' inasimama badala ya herufi aini, ila mwishoni mwa hawaa', thulaathaa', arbi'aa' na halla', na katika dilwa'ti, ni hamza, yaani sauti kukatika kooni; na irabu iliyoandikwa mara mbili ni ya kuvutwa, kama ilivyo katika "taa".

Tuanze na sauti. Mzungu anayejifunza Kiarabu hutumia muda mwingi kupata "gh" na "kh". Mswahili anayesema "ghali", "ghafla", "thamani", "dhahabu" na "Sabalkheri" anazo tayari. Kinachombakia ni kutenganisha sauti ambazo Kiswahili kilizichanganya kilipoyapokea maneno hayo. Chukua maneno matatu: habari, haki, hewa. Kwetu "h" ni moja. Kwa Mwarabu ni herufi tatu: khabar kwa "kh", haqq kwa ile "h" ya kooni, na hawaa' kwa "h" nyepesi kama yetu. Vivyo hivyo dhahabu, dharura na dhahiri: kwetu "dh" moja, kwake dhali, dhwadi na dhwa. Safari ni ya sini na sabuni ni ya swadi. Tarehe ni ya te na tabibu ni ya twa. Mwalimu akiandika maneno haya ubaoni siku ya kwanza, mwanafunzi anaona mara moja kwamba hajifunzi maneno mapya, anarudisha tofauti iliyopotea katika maneno anayoyatumia kila siku.

Herufi nzito zenyewe watu wa pwani walizisikia zamani na wakazitafutia njia ya kuziandika. Ndiyo maana kuna Swaleh, Twaha na Twalib: ile "w" imewekwa kuonyesha uzito wa swadi na twa. Ulimi unanyanyuka kwa nyuma, na "a" inayofuata inaelekea kwenye "o". Tahadhari moja: "w" ya neno Kiswahili lenyewe si ya namna hiyo. Neno limetokana na sawaahil, lenye sini nyepesi na wau halisi, na wapo wanaolitamka kwa swadi wakidhani ndiyo ufasaha.

"H" ya kooni ifundishwe kwa kioo au miwani: pulizia kioo kifanye ukungu kabla ya kukifuta, pumzi inayotoka hapo, ikisikika kooni, ndiyo hiyo. Aini hutoka mahali palepale, ila kwa sauti badala ya pumzi tupu. Qafu ni "k" iliyorudishwa nyuma mpaka kwenye kimio. Dakika kumi kila siku kwa wiki tatu zinatosha kuwapa wengi sauti hizi, mradi mwalimu afanye mazoezi ya jozi za maneno, wala si ya herufi moja moja. Qalb ni moyo, kalb ni mbwa. 'Amal ni kazi, amal ni tumaini. Jamaal ni uzuri, jamal ni ngamia. Matar ni mvua, mataar ni uwanja wa ndege, na dereva wa teksi hatakuuliza ulikusudia lipi. Hamaam ni njiwa, hammaam kwa mimu mbili ni bafu au choo. Anayekitafuta choo bila kuikaza mimu anauliza njiwa walipo.

Kosa la pili la matamshi ni la kwetu hasa, na vitabu vya Kiingereza havilitaji kwa sababu si kosa la Waingereza. Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti, wala konsonanti mbili zigusane ovyo. Ndipo waqt ikawa wakati, 'aql ikawa akili, 'ilm ikawa elimu, fikr ikawa fikira, qabr ikawa kaburi, 'umr ikawa umri. Mwanafunzi akisema Kiarabu huzirudisha zile irabu: "shamsi", "baridi", "darasi". Dawa yake ni orodha ya maneno kumi ya namna hii yanayosomwa kwa sauti kila asubuhi, mkono ukiwa mbele ya mdomo ili mtu ahisi pumzi inakatika wapi: shams, bard, dars, waqt, fikr, 'aql, 'ilm, qabr, 'umr, shukr. Anayeyamudu haya kumi ameondoa sehemu kubwa ya lafudhi inayomtambulisha.

Kuna kanuni moja ambayo wanafunzi wa nchi nyingine huikariri kwa majedwali, na Mswahili huifuata tangu utotoni: herufi za jua na herufi za mwezi. "Al" ya Kiarabu inayotangulia nomino inabaki na lamu yake, yaani "l", mbele ya herufi 14 za mwezi, na kuimeza mbele ya 14 za jua. Angalia nyakati za siku: alfajiri na alasiri zimebaki na "l", asubuhi na adhuhuri zimeimeza, kwa kuwa swadi na dhwa ni herufi za jua. Mifano minne, na kanuni imeeleweka kwa dakika tano.

Utajiri mkubwa zaidi uko kwenye mizizi. Neno la Kiarabu hujengwa juu ya konsonanti, mara nyingi tatu, na irabu na viambishi vinazizunguka. Mgeni huona jambo hilo la ajabu. Mswahili analo kichwani, hajaambiwa tu. Kitabu, katibu, maktaba: k-t-b. Hukumu, hakimu, mahakama, hekima: h-k-m. Elimu, mwalimu, maalumu: '-l-m. Jamaa, jamii, jumuiya, Ijumaa: j-m-'. Darasa na madrasa: d-r-s. Hesabu na mhasibu: h-s-b. Kaimu, makamu na kiyama: q-w-m. Zoezi letu ni hili: mwanafunzi apewe mizizi miwili kila siku, aandike maneno yote ya Kiswahili anayoyajua yenye konsonanti hizo kwa mpangilio huo, kisha mwalimu aongeze mawili ya Kiarabu asiyoyajua. Kwa siku 50 atakuwa na mizizi 100, na atakuwa amezoea kugundua kwamba "m" ya mwanzo mara nyingi huashiria mahali, kama katika mahakama na maktaba, au mtenda jambo, kama mu'allim na musaafir.

Mizizi ina faida nyingine. Kamusi nyingi za Kiarabu hazipangwi kwa herufi ya kwanza ya neno, hupangwa kwa mzizi. Anayelitafuta "maktaba" kwenye mimu hatalikuta. Liko chini ya kafu, kwenye k-t-b. Wapo walionunua kamusi nzuri wakaiweka kabatini wakidhani ina upungufu, kumbe hawakuonyeshwa jambo hilo moja.

Sarufi hatutaikalia sana. Anayesema "kitabu changu kizuri kimepotea" bila kufikiri amekwisha kupatanisha maneno kuliko Kiarabu kitakavyomdai; jinsia mbili, ya kiume na ya kike, hazimtishi mtu wa ngeli. Kivumishi hufuata nomino kama kwetu, na kiambishi cha nafsi hutangulia kitenzi cha wakati uliopo: aktub, taktub, yaktub, naktub, kama ninaandika, unaandika, anaandika, tunaandika. Penye kikwazo ni jinsia ya mtu, kwa kuwa "a-" yetu haimtambui mwanamume wala mwanamke. Anta na anti (wewe wa kiume na wa kike), "huwa" na "hiya" (yeye wa kiume na wa kike) vichanganywe kila siku katika mazungumzo mpaka ulimi uzoee. Wingi pia ni wa kukariri pamoja na umoja wake, siku hiyohiyo: kitaab na kutub, madrasa na madaaris, walad na awlaad. Anayeahirisha wingi huja kuulipa kwa riba.

Tunawasihi walimu wenzetu waache kuanza na nahau, yaani sarufi, ya irabu za mwisho wa neno. Ni elimu tukufu na ina mahali pake, lakini watu hawazitamki irabu hizo katika mazungumzo, na mwanafunzi anayechambua sentensi miezi sita kabla ya kuweza kununua mkate huacha darasa. Iwekwe mwaka wa pili.

Ukaribu wa maneno una hatari yake, na hapa ndipo anayejiamini huanguka. Tafadhali haiombi kitu kwa Kiarabu. Tafadhal husemwa na anayetoa: karibu, keti, chukua, tangulia. Tena "tafadhali" yenye "i" ni ya kumwambia mwanamke. Ukiomba, sema min fadhlak kwa mwanamume, min fadhlik kwa mwanamke. Ahsanta maana yake umefanya vyema, mwalimu humwambia mwanafunzi. Shukrani ni shukran. Fidhdha ni madini ya fedha tu, si pesa. Pesa ni fuluus. Ghurfa ni chumba, si ghorofa, na tofauti hiyo ina uzito unapokodi nyumba. Ma'luum ni kitu kinachojulikana, si kitu maalumu. Hicho ni khaass. Taariikh ni tarehe na ni historia pia. Maneno ya namna hii yakusanywe yafike arobaini hivi, yabandikwe ukutani darasani.

Saa na siku ndizo zinazoleta hasara ya kweli. Mwarabu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kama Wazungu. As-saa'a ath-thaamina, "saa ya nane", ni saa mbili yetu. Anayesikia thaamina na kufika saa nane mchana amechelewa kazini kwa saa sita. Kanuni ni kuongeza au kupunguza sita, lakini kichwa cha mtu aliyechoka hakifanyi hesabu. Afadhali saa ya mkononi ifundishwe moja kwa moja kwa Kiarabu, bila kupitia Kiswahili. Siku nazo zimepishana kwa moja. Sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, wao Jumapili. Al-ithnayn, "ya pili", ni Jumatatu yetu. Ath-thulaathaa', "ya tatu", ni Jumanne. Al-arbi'aa', "ya nne", ni Jumatano. Mbele kidogo ni al-khamiis, "ya tano", ambayo tumeichukua kama ilivyo na kuiita Alhamisi, ingawa tuna Jumatano yetu yenye tano ndani yake. Anayesikia thulaathaa' na kufasiri "tatu, basi Jumatatu" atakwenda ubalozini siku moja kabla.

Tarakimu pia. Misri, Sham (Syria na jirani zake) na Ghuba hutumia sana ٠١٢٣٤٥٦٧٨٩. Nukta ni sifuri, duara ni tano, na inayofanana na saba yetu ni sita. Makosa mengi ya nambari za simu hutoka kwenye hizo tatu. Nambari husomwa kutoka kushoto kama zetu, japo maandishi yanatoka kulia, ila mdomoni mamoja hutangulia makumi: 25 ni khamsa wa 'ishriin, "tano na ishirini". Zoezi: nambari 20 za simu kwa kusikia, kila siku, mpaka kosa lisizidi moja. Vijana kwenye simu huandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini wakitumia tarakimu kama herufi: 3 ni aini, 7 ni "h" ya kooni, 2 ni hamza, 5 kwa wengi ni kha. Hilo nalo ni la kulijua kabla ya kusafiri.

Maandishi yasimtishe mtu. Herufi ni 28, lakini maumbo ya msingi hayazidi 18. Zilizobaki hutofautishwa kwa nukta. Herufi 22 huunga pande zote mbili. Sita, yaani alifu, dali, dhali, re, ze na wau, haziungi na inayofuata. Herufi nne kwa siku kwa wiki moja, kisha wiki mbili za kuunga. Miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yaliyosalia ni barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, nazo ziliandikwa kwa herufi hizihizi. Kwa karne nyingi zilikuwa herufi zetu. Kosa la kawaida ni kumfuga mwanafunzi kwenye maandishi yenye fataha, kasra na dhumma, yaani alama za irabu fupi, mpaka mwaka wa pili. Magazeti, mabango na mikataba hayana alama hizo. Kuanzia wiki ya sita ziondolewe kwenye maneno anayoyajua, ziachwe kwenye mapya tu.

Waliosoma chuo cha Kurani au madrasa wana njia yao. Herufi wanazo, tena kwa makharij (mahali herufi zinapotokea mdomoni na kooni) safi kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu. Wengi hawakuulizwa hata mara moja watunge sentensi. Wasirudishwe kwenye alifu na be, watavunjika moyo bure. Waanze na vitenzi na mazungumzo, na waambiwe mapema kwamba kuvuta irabu kwa harakati (vipimo vya muda) nne au sita ni adabu ya kisomo cha Kurani, haiingii katika kuuliza bei ya nyanya. Na asiye Mwislamu asijione mgeni. Kiarabu ndicho wanachosalia Wakristo wengi wa Misri, Lebanoni na Syria, na tangu mwaka 1973 ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa. Jirani zetu wanakihitaji pia: Somalia, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, katiba yake inakitaja Kiarabu baada ya Kisomali, na Komoro inacho pamoja na Kikomori na Kifaransa.

Swali gumu kuliko yote ni: Kiarabu kipi? Hapa watu hupoteza miaka. Kiarabu fasaha ndicho cha vitabu, habari, hotuba na mikataba, na hakuna nyumba ambamo mtoto anakizungumza na mama yake. Nyumbani na sokoni ni lahaja, nazo zinatofautiana kuliko Kimvita na Kiunguja. Chukua neno "sasa". Kwa fasaha ni al-aan. Maskati na Dubai utasikia al-hiin, Kairo dilwa'ti, Dameski halla', Casablanca daaba. Aliyesoma fasaha peke yake kwa miaka mitatu akashuka uwanja wa ndege hujiona hakusoma kitu, anaeleweka, haelewi. Aliyeokota lahaja peke yake kazini anazungumza vizuri baada ya mwaka, lakini barua ya mwajiri hawezi kuisoma.

Ushauri wetu ni fasaha kwa miezi sita ya mwanzo, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kisha lahaja moja, moja tu, iingie na kuchukua nusu ya muda. Ichaguliwe kwa mahali unapokwenda. Anayekwenda Ghuba achukue ya Ghuba. Asiye na safari maalumu achukue ya Misri, kwa sababu filamu na tamthilia zake zimeenea na inaeleweka kwingi. Ya Moroko iachwe isipokuwa na mwenye haja nayo. Mazoezi ya kusikiliza fasaha yana njia rahisi: sikiliza kwanza habari za dunia kwa Kiswahili, kisha habari za siku hiyohiyo kwa Kiarabu, Al Jazeera au kituo kingine. Majina ya watu na nchi unayajua, yaliyotokea unayajua, basi sikio linabaki na kazi moja tu ya maneno. Vibonzo vya watoto vilivyotiwa sauti kwa fasaha ni bora kuliko tamthilia kwa mwaka wa kwanza. Anayekwenda Maskati ana mtego wa peke yake: familia nyingi huko zenye mizizi Unguja na Pemba zinazungumza Kiswahili, na mgeni hujificha humo. Na mfanyabiashara wa Dubai ajue ukweli huu kabla ya kulipa ada: dukani atahudumiwa kwa Kiingereza, Kihindi au Kiurdu, Kiarabu atakihitaji kwenye ofisi za serikali, mahakamani na kwenye karatasi.

Karatasi ndiyo sababu yetu kubwa ya kuandika. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia, kifungu cha 9, inasema mkataba ukiandikwa kwa Kiarabu na lugha nyingine, yanayoshika ni maandishi ya Kiarabu. Falme za Kiarabu nazo hufuata msingi huohuo. Wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao tofauti, lakini karatasi zao pia ni za Kiarabu. Kijana anasaini ukurasa ambao nusu yake yenye nguvu hawezi kuisoma, na nusu anayoisoma haitamsaidia zikitofautiana. Tazama sasa maneno yaliyomo humo: mudda ni muda, shuruut ni masharti, huquuq ni haki, waajibaat ni wajibu, taariikh ni tarehe, saa'aat ni saa, taraf ni upande, ndugu wa tarafa yetu. Shahr ni mwezi, ndipo likatoka neno letu mshahara, ingawa wao leo husema raatib, wa ukoo mmoja na ratiba na mratibu. Ya kujifunza upya ni machache: 'aqd mkataba, jawaaz pasipoti, iqaama kibali cha ukaazi, ijaaza likizo, tawqii' saini, faskh kuuvunja mkataba. Maneno haya na mengine kumi ya aina yake yanafundishika kwa wiki mbili, kwa mkataba halisi uliofutwa majina, mwanafunzi akiwa na kalamu nyekundu kuzungushia tarehe, kiasi na muda. Tunaomba kila darasa la maandalizi ya wanaokwenda Ghuba liwe na wiki mbili hizo.

Tunawaomba pia wachapishaji watoe kitabu cha Kiarabu kinachofundisha kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza, chenye mizizi, maneno ya mtego, saa na siku kama tulivyoeleza, na sauti zake zipatikane kwenye simu. Darasa lisizidi watu 15, la sivyo mwalimu hasikii aini ya mtu wa nyuma.

Miezi sita ya mafunzo ikiisha pawe na mtihani wa mambo manne: kusoma tangazo la mistari mitano lisilo na alama za irabu; kuandika kwa kusikia nambari kumi za simu; kutaja saa na siku ya miadi mitano bila kupitia Kiswahili; na kutamka jozi kumi za maneno mtu wa pili aandike alichosikia. Aliyeshindwa la kwanza arudishwe kwenye mizizi, la pili na la tatu ayarudie kwa wiki moja ya mazoezi ya kila siku, la nne arudi kwenye kioo na dakika zake kumi kabla hajaingia kwenye lahaja.

Ni sisi,
Walimu wa Kiarabu,
Tanga